Bagamoyo Si Mji wa Saa Sita

Ndugu msomaji, nina karatasi mezani kwangu. Imekunjwa mara nne, imemwagikiwa chai pembeni, na kila nikiisoma damu inanichemka. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: RATIBA YA MATEMBEZI, BAGAMOYO. Nainakili hapa kama ilivyo ili usije ukasema natia chumvi.

Saa 3 asubuhi, kuondoka Dar. Saa 4 na nusu, kuwasili na kuona magofu ya Kaole. Saa 5 na nusu, Misheni na mnara wa Livingstone. Saa 6, Mji Mkongwe na picha ya pamoja. Saa 7, chakula ufukweni. Saa 8, kuogelea na muziki. Saa 10 na nusu, kuondoka.

Hesabu mwenyewe. Kutoka saa 4 na nusu hadi saa 10 na nusu ni saa sita kamili. Mji wenye umri wa mababu zako na mababu wa mababu zako, umemalizwa kwa saa sita, na katika hizo saa mbili na nusu ni za spika.

Karatasi hii ilinifikiaje? Binamu yangu anafanya kazi katika ofisi moja huko Dar. Wenzake walipotaka kutoka kidogo mwisho wa mwezi, akawaambia, "Nina dogo langu kule Dunda, kamaliza Fomu Foo, yeye ni kuandika tu kutwa nzima. Mpeni aipige msasa." Nikapewa karatasi na ahadi ya shilingi elfu ishirini. Kwa mtu anayeandika riwaya kwenye daftari la kurasa mia, elfu ishirini si mchezo.

Nilikesha siku mbili. Sikuipiga msasa, niliivunja nikaijenga upya. Niliandika ratiba ya siku mbili, yenye soko la samaki, yenye kahawa barazani, yenye ngalawa, yenye habari za watu wa hapa kwa majina yao. Ikarudi imechorwa kwa kalamu nyekundu kama mtihani wa hesabu wa mtu mvivu. Pembeni wameandika: "Dogo, hii ndefu. Watu wanakuja kupumzika, sio kusoma historia. Huyu Mtoro ni nani? Toa. Weka bichi mapema."

Nikatoa. Nikaweka bichi mapema. Nikachukua elfu ishirini zangu nikanunua daftari jipya na viatu vya mitumba. Nasema haya mapema ili asitokee mtu akadhani naandika hapa kama malaika. Katika kesi hii mimi ni shahidi, na pia ni mshtakiwa.

Sasa niingie kwenye hoja. Nathubutu kusema kwamba ratiba ya matembezi ni hadithi. Ina mwanzo, ina kati, ina mwisho. Ina wahusika wakuu na ina wanaopita nyuma bila jina. Anayeipanga ndiye anayeamua nani aonekane na nani afichwe. Mgeni akirudi kwake hasimulii Bagamoyo. Anasimulia ile ratiba. Na ratiba za mji wetu zimeandikwa na watu wasiolala hapa hata usiku mmoja, huku sisi tunaojiita waandishi chipukizi tumekaa kijiweni tukiwaangalia wakipita.

Tutazame wahusika wa hadithi ile. Mhusika wa kwanza mwenye jina ni Livingstone. Lakini Livingstone anayehusika na mnara ule alifika akiwa maiti! Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walioubeba mwili wake kwa kama miezi tisa, kwa miguu, katika njaa na maradhi na hofu ya vita, hadi ukafika Bagamoyo Februari 1874, ni akina Susi na Chuma na wenzao. Mzigo umeandikwa kwenye ratiba. Waliobeba mzigo hawamo. Ingekuwa ni hadithi uliyoileta kwa mhariri wa jarida hili, angekurudishia akuulize: ndugu, mbona shujaa wako ndiye pekee asiyefanya kitu?

Mhusika wa pili ni mtumwa. Huyu hana jina kabisa, ana minyororo tu. Mgeni anaambiwa kwamba Bagamoyo maana yake "bwaga moyo", kwamba hapa ndipo mateka alipoacha moyo wake kabla ya kuvushwa bahari. Anatikisa kichwa kwa huzuni, anapiga picha, anauliza chakula kiko wapi. La hasha, sisemi utumwa haukuwepo. Ulikuwepo, na Misheni iliyoanzishwa hapa mwaka 1868 ilikuwa na kijiji cha waliokombolewa. Ninachosema ni kwamba kuna maelezo ya pili ya jina hilo hilo, nayo hayamo kwenye ratiba. Maelfu ya wapagazi walishuka kutoka bara kila msimu wakibeba pembe za ndovu. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Kwao Bagamoyo ilikuwa mwisho wa mzigo: bwaga moyo, tua, pumzika, umefika. Neno moja, vilio viwili tofauti, kimoja cha msiba na kimoja cha ahueni. Mwandishi gani mwenye akili timamu angelitupa jambo kama hilo? Ratiba imelitupa, maana nusu saa haitoshi maelezo mawili.

Na mhusika wa tatu ni huyo waliyemkata kwa kalamu nyekundu. "Huyu Mtoro ni nani?" Swali zuri. Lingeulizwa ili lijibiwe, nisingekuwa na ugomvi na mtu.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda. Jina hili hili la Dunda ninaloliandika kwenye barua zangu. Alisoma na kufundisha dini hapa Bagamoyo. Mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili. Katika kitabu cha Safari za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1901 imo safari yake mwenyewe ya Udoe na Uzigua, maana yake ni kwamba alikuwa ameshapanga matembezi yake, ameshayatembea na ameshayaandika, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake: mtoto anazaliwaje, harusi zinafanywaje, ngoma, safari za bara, mazishi. Jina lililokaa juu ya jalada ni la mhariri, Carl Velten.

Akaoa Mjerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata akasafiri na mkewe kurudi kwao, na mamlaka ya kikoloni ikawazuia mume na mke kushuka pamoja katika nchi aliyozaliwa. Wakarudi Ujerumani. Alifia Berlin mwaka 1927.

Sasa nisikilize vizuri, kijana mwenzangu unayeota kuandika. Mtu wa Dunda, aliyeandika safari kwa lugha yetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alizuiwa kushuka kwao. Na mimi, mtu wa Dunda, nikalikata jina lake kwa elfu ishirini. Wao walimzuia kwenye meli, mimi nikamzuia kwenye karatasi. Tofauti iko wapi?

Tuache wahusika, tuje kwenye mandhari. "Saa 8, kuogelea." Nani alimwambia mpangaji kwamba bahari inafuata saa ya ofisini? Kila mtoto wa hapa anajua kwamba bahari ina ratiba yake. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pwani hii maji hujaa karibu saa 10 alasiri na hukupwa karibu saa 4 asubuhi. Kisha kila siku husogea mbele kwa kama dakika 50. Kwa hiyo siku ya tano baada ya mwezi mpevu, maji yanakupwa saa ngapi mchana? Piga hesabu: karibu saa 8.

Ndiyo siku waliyokuja. Walishuka kwenye basi na taulo mabegani wakakuta matope, mwani na ngalawa zimelala ubavu. Dada mmoja akauliza kwa uchungu wa kweli, "Mbona bahari yenyewe haipo?" Wakakaa chini ya mnazi na spika yao. Wakala wali walioubeba kutoka Dar kwenye madishi, wakanywa soda walizozibeba kutoka Dar kwenye barafu, wakapiga picha, wakaondoka. Mama zetu wanaokaanga samaki na pweza sokoni, mwendo wa dakika chache tu, hawakuuza hata kipande. Mji ulipata viingilio na chupa tupu.

Hapo najua kuna msomaji ananyanyua mkono. "Ndugu mwandishi, acha wivu. Mtu kafanya kazi mwezi mzima, kaminywa kwenye daladala kila asubuhi, ana haki ya kupumzika. Si lazima kila matembezi yawe darasa." Naitikia: kweli kabisa, haki hiyo anayo. Lakini alipumzika? Alikimbizwa nusu saa hapa, nusu saa pale, kisha akakosa hata bahari. Ratiba ile haikumpa historia wala haikumpa mapumziko. Anayetaka kupumzika kweli angelala hapa usiku mmoja, aamke jua likichomoza baharini, anywe chai ya tangawizi na vitumbua, asubiri maji yajae. Wapagazi walilijua hilo zamani: ukifika Bagamoyo, tua mzigo. Hukuambiwa utue mzigo kwa saa sita halafu uubebe tena.

Mwingine atasema, "Wageni ni wageni, muhimu pesa." Haya, tuzungumze pesa. Mgeni wa saa sita analipa kiingilio. Mgeni wa siku mbili analipa kitanda, chakula cha usiku, chai ya asubuhi, mwenye ngalawa, mwenye baiskeli, mcheza ngoma, na kijana wa kumwongoza. Hata ukiwa huna habari na Mtoro wala Susi, ratiba nzuri inaushibisha mji kuliko ratiba mbovu. Na siwalaumu vijana wanaoongoza wageni. Mtu akipewa nusu saa atasema nini zaidi ya tarehe mbili na minyororo?

Naomba tutoke kidogo nje ya nchi, twende Thailand, maana huko hadithi iliwahi kuonyesha nguvu zake. Mwaka 1996 kijana Mwingereza, Alex Garland, wa umri kama wetu tu wa miaka ishirini na kitu, alitoa riwaya iitwayo The Beach, juu ya vijana wanaotafuta ufuko wa siri. Ikawa filamu, ikatoka mwaka 2000, na ufuko uliopigwa picha ni ghuba ya Maya katika kisiwa cha Phi Phi Leh. Basi dunia nzima ikaiweka ghuba ile kwenye ratiba yake. Ikafika watu kama elfu tano kwa siku, kwenye kipande kidogo cha mchanga, kila mmoja akitafuta picha ile ile moja. Maboti na nanga zikaharibu matumbawe, hata serikali ikaifunga Juni 2018. Ilipofunguliwa tena Januari 2022, maboti yalikatazwa kuingia ndani ya ghuba na idadi ya watu ikawekewa kikomo.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu kuna watu wanakudanganya kwamba riwaya ni mchezo wa watu wasio na kazi. Riwaya ya kijana mmoja ilitosha kujaza ghuba. Lakini tazama pia upande wa pili: mahali palipobaki na hadithi moja tu, na picha moja tu, palikanyagwa mpaka pakafungwa. Wageni wote walikuwa wanasoma ukurasa mmoja. Bagamoyo nayo ina ukurasa mmoja, ule wa minyororo na maiti ya mgeni, kisha bichi. Dawa yake ni kurasa nyingi. Na kurasa zinaandikwa na nani kama si mimi na wewe?

Sasa nije kwetu, waandishi chipukizi. Hapa ndipo panaponiuma zaidi, na ndiyo sababu nimeleta makala haya kwenye jarida letu badala ya kwenda kuyapigia kelele kijiweni.

Baada ya wageni wale kuondoka nilirudi nyumbani na hasira zangu, nikafungua muswada wa riwaya yangu. Sura ya kwanza. Shujaa wangu anafika Bagamoyo kwa gari kutoka Dar. Anashuka, anasimama ufukweni, na nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba analitazama jua likizama baharini.

Likizama baharini! Bagamoyo! Mimi niliyezaliwa hapa, ambaye kila siku ya Mungu nimeliona jua likitoka baharini na kuzama upande wa bara, nyuma ya minazi! Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu mpaka mama akauliza kulikoni. Sikuweza kumjibu. Jua lile sikulitoa Dunda. Nililitoa kwenye kadi za posta, kwenye kalenda za mahoteli, kwenye filamu. Nilikuwa nimeuandika mji wangu kama mtu wa basi la saa 4 na nusu.

Na si mimi peke yangu. Hebu tusemezane ukweli, tunasomeana kazi zetu. Shujaa wako anatoka Kerege lakini penzi lake linaanzia hoteli ya kifahari ambayo hujawahi kuingia. Wa kwako wewe anatoka Zinga lakini anaanza kuishi siku anapopata viza. Bwawa la kuogelea tunalijua rangi yake. Mnada wa samaki tunaopita kila siku hatujui unafunguliwa kwa bei gani. Tunawacheka wageni kwa kutoijua bamvua, na katika riwaya zetu maji yamejaa kutwa kucha, mwaka mzima! Sisi nasi ni watalii, tofauti ni kwamba hatulipi kiingilio.

Basi nimeamua kuirudisha ratiba yangu, ile waliyoikata. Naichapisha hapa bure, elfu ishirini zimeshaliwa.

Ijumaa iliyo karibu na mwezi mpevu, panda basi la jioni. Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo: usilale, hivyo navyo ni vijiji vya watu. Fika, tua mzigo. Usiku kaa barazani, kunywa kahawa chungu na kashata, usiulize kitu, sikiliza tu.

Jumamosi amka na jua. Nenda soko la samaki, simama pembeni ya mnada, nunua samaki, mpe mama mwenye karai akukaangie. Kisha chukua baiskeli mpaka Kaole, kama kilometa tano, kabla jua halijawa kali. Msikiti wa pale ni wa karne ya 13. Kaa nao angalau saa moja na nusu. Uliza walioujenga waliishi vipi, waliuza nini, walimzika nani chini ya nguzo zile. Mchana lala, kama sisi tunavyolala. Saa 9 alasiri maji yanakuja; sasa ogelea, ndugu yangu, ogelea mpaka uchoke, hii ndiyo saa yake. Jioni uliza kama kuna ngoma au igizo pale TaSUBa, ambapo vijana wanasomea sanaa tangu mwaka 1981 kilipoanza Chuo cha Sanaa.

Jumapili nenda Misheni, na ukifika kwenye mnara taja majina ya waliobeba kabla ya jina la aliyebebwa. Tembea Mji Mkongwe polepole, nyumba moja baada ya nyingine. Panda ngalawa na mwenyewe, akuonyeshe mikoko. Na kabla ya basi la kurudi, keti mahali penye kivuli usome kurasa chache za mtu wa Dunda aliyezuiwa kushuka. Mfungulie mlango.

Hiyo ndiyo ratiba. Haina ghali ndani yake zaidi ya muda.

Na kwako wewe unayeandika, ratiba yako ni nyepesi zaidi. Kesho asubuhi, kabla hujafungua muswada, toka nje utazame jua linatokea wapi. Kisha rudi ndani usahihishe sura ya kwanza. Mimi yangu nimeshaichana. Shujaa wangu sasa hafiki tena kwa gari kutoka Dar. Anaamka Dunda, maji yamekupwa, na ana safari ya kwenda kuuliza bei ya samaki.